Mshamba Hana Mtani

Tangu nipate akili ya kushika rimoti, kuna mtu mmoja ninayekutana naye kwenye komedi zetu, ingawa wanaomwigiza hubadilika. Suruali ameipandisha hadi juu ya kitovu. Shati amelifunga vifungo vyote, pamoja na kile cha kooni. Mkono mmoja umeshika begi la shangazi kaja, kwapa la upande wa pili limebana kuku. Zamani alikuwa anashukia Ubungo. Tangu kituo cha mabasi ya mikoani kihamie Mbezi, naye anashukia Mbezi. Akikanyaga tu ardhi ya Dar es Salaam anamwamkia kila anayepita na kushangaa kwa nini hawaitikii. Anaiamkia hata sanamu iliyovishwa gauni mlangoni mwa duka. Anatapeliwa hela iliyobaki, na akifika kwa ndugu yake aliyefanikiwa anakunywa maji ya kunawa.

Huyu ndiye mshamba. Na yule kuku wa kwapani namjua vizuri: ni wa kwetu.

Mimi ni mtu wa Singida. Watanzania wengi wanaujua mkoa wetu kupitia dirisha la basi: upepo, mawe makubwa yaliyokaa kama yamepangwa na mtu aliyekatishwa kazi, chupa za mafuta ya alizeti kando ya lami, na kuku wa kienyeji ambao sifa zao zimefika mjini kabla yetu. Kwa hiyo mwandishi wa komedi anayemtafuta mtu wa bara asiyejua mambo, sisi tuko kwenye orodha yake, pamoja na Dodoma, Tabora, Shinyanga na kila mahali ambapo basi huondoka alfajiri.

Napenda komedi, na nasema hivyo mapema ili nisichukuliwe kama mtu aliyekuja kuzima runinga ya watu. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili naziangalia ili nikipiga simu nyumbani nisionekane mgeni. Singida Black Stars nawaangalia kwa wajibu. Lakini komedi naitafuta mwenyewe. Nimeangalia vipande vya zamani vya Orijino Komedi hadi naweza kumjibu Joti kabla hajamaliza sentensi. Swali langu si kama komedi ipigwe marufuku. Ni swali la mtazamaji: ninapomcheka yule mwenye kuku, ninafanya nini hasa? Na je, ni sawa?

Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza ni “vichekesho tu hivyo.” La pili ni “huo ni udhalilishaji.” La kwanza linadai kwamba kicheko hakina uzito, na kila aliyewahi kuchekwa anajua si kweli. La pili linadai kwamba kila anayechekwa amedhalilishwa, na hilo nalo si kweli, maana watu tunaowapenda kuliko wote ndio tunaowacheka zaidi.

Wanafalsafa wa Ulaya walishalizungumza jambo hili. Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, aliona kwamba tunacheka pale tunapojiona ghafla tuko juu ya mtu mwingine. Henri Bergson, Mfaransa aliyetoa kitabu kuhusu kicheko mwaka 1900, aliongeza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: ili kicheko kitoke, moyo lazima ufe ganzi kwa muda. Ukimwonea mtu huruma kikamilifu, huwezi kumcheka dakika hiyo hiyo. Wote wawili wananisaidia kueleza yule mwenye kuku. Mjini, hata aliyehamia mwaka jana anapata mtu wa kumzidi kwa nusu saa. Lakini ukiyachukua maelezo hayo peke yake, unaweza kudhani kicheko ni jambo la pande mbili tu, mimi na wewe, na kikiisha kimeisha. Sisi tunacho kitu ambacho hakiishi hivyo. Tunao utani.

Msomaji asiuchukulie utani kama neno jingine la mzaha. Ni taasisi. Upo kati ya babu au bibi na mjukuu, kati ya mashemeji, kati ya watoto wa shangazi na wa mjomba, na kati ya makabila. Simba na Yanga tukiwaita watani wa jadi tunaazima neno la zamani kuliko mpira. Wazee wanasema utani wa makabila mengine ulizaliwa vitani, wa mengine njiani, katika misafara ya wapagazi waliotoka bara kwenda pwani na kuhitaji maji na mahali pa kulala kwa watu wasiowajua. Katika miaka ya 1940 wasomi wa kigeni waliandika sana juu yake. Radcliffe-Brown alichapisha makala yake maarufu mwaka 1940, na R. E. Moreau akakusanya habari za utani wa Tanganyika, kabila kwa kabila. Kilichowashangaza ni hiki: hapa kuna watu wanaoruhusiwa kutukanana, na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika.

Kwa jinsi nilivyokua nikiuona, ruhusa hiyo ina masharti matatu. La kwanza, mtani anarudishiwa. Ukinitania leo, kesho zamu yangu, na huna haki ya kununa. La pili, mtani anajulikana. Ninapokutania najua kwenu, nawe unajua kwetu; mzaha unakwenda na anwani. La tatu, ambalo ndilo zito, mtani ana kazi msibani. Watani ndio wanaoingia kwenye kilio na kuvuruga huzuni: wanamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, wanalala kaburini na kudai hawatoki mpaka walipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Lakini watani hao hao ndio wanaobeba, wanaopika, wanaohangaika hadi mtu afukiwe. Yaani haki ya kukucheka inaambatana na deni la kukuzika.

Ukishaishika kanuni hiyo, washa runinga umwangalie tena yule mwenye kuku. Mtani wake ni nani?

Hana. Mshamba si kabila. Sikiliza lafudhi yake: anageuza “r” kuwa “l”, na baada ya dakika mbili anageuza “l” kuwa “r”, neno moja ni la Kanda ya Ziwa, linalofuata ni la kusini, la tatu halina kwao. Ni lafudhi iliyoshonwa studio. Kwa kuwa si ya mtu yeyote, hakuna mzee wa kusimama na kusema, “Sasa zamu yetu.” Mtu wa pwani akimtania Mnyamwezi, Mnyamwezi anajua pa kurudishia. Runinga ikimcheka mshamba, kicheko kinakwenda upande mmoja, kama maji ya mvua barabarani.

Mtu ataniambia kwamba wanaochekwa wenyewe hawajalalamika. Ni kweli, na ushahidi ninao nyumbani. Desemba iliyopita nilikuwa Ikungi kwa bibi yangu. Jioni tulikaa sebuleni, king'amuzi kinasuasua kwa upepo, na mshamba akashuka basi. Bibi alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikamwambia, “Bibi, huyo wanayemcheka ni sisi.”

“Sisi wa wapi, mume wangu?” akasema, ananiita hivyo tangu nikiwa mtoto, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume. “Huyo ni wa Dodoma.”

Mjomba akasema watu wa Dodoma nao wanasema ni wa Singida. Bibi akafikiri kidogo. “Hata kama ni mimi,” akasema, “nikishuka huko si nitaogopa magari? Uongo? Ila huyo anayemcheka aje na yeye huku. Nimtolee mbuzi zangu, aniambie yupi ni mama wa yupi. Aje, tumcheke.”

Sikuwa na la kumjibu, na bado nadhani hakuna aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi. Bibi hakudai heshima. Hakudai kipindi kiondolewe. Alidai zamu yake. Aliipokea komedi kama mtani anavyopokea mzaha, akiamini kwamba upande wa pili unazijua sheria. Mimi niliyekaa mjini miaka kadhaa ndiye nilijua kwamba hakuna anayekuja. Hata zile komedi ambazo mtu wa mjini anapelekwa kijijini, anaogopa giza na choo cha shimo, mwishoni kinachochekesha ni giza na choo, si yeye.

Tena bibi yuko kwake. Ana mbuzi, ana jina, ana majirani wanaomjua. Kuchekwa ukiwa kwenu ni jambo moja. Kuchekwa ukiwa peke yako ugenini ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapoacha kucheka.

Nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza, kwenye chuo ambacho sitakitaja, darasani kwetu alikuwepo msichana kutoka Mkalama. Wiki ya pili aliuliza swali. Kabla mwalimu hajajibu, mtu wa nyuma alirudia maneno yake kwa sauti ya mshamba wa runinga, ile ile ya studio, ambayo haikufanana hata kidogo na sauti yake. Darasa likaanguka kicheko. Hakuuliza tena kwa mdomo hadi tunamaliza. Alikuwa anaandika maswali yake kwenye karatasi na kunipa mimi niyaulize. Yalikuwa maswali mazuri. Mwalimu akawa ananisifu, na kila nilipomwambia kwamba ni ya fulani, darasa lilicheka upya. Aliyemwigiza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, na naamini angeshangaa kuambiwa ameumiza. Hakumwona yeye, aliona kipindi.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Runinga haikumtukana dada yule. Ilichofanya ni kuwapa watu mia moja kinyago kilicho tayari, na yeye ndiye aliyekuwa karibu wa kuvishwa. Mtani angelazimika kumjua kwanza.

Sasa nigeuze upande, maana komedi yetu haijawahi kuwa ya namna moja. Kabla Bara haijawa na runinga, watu walicheka na Pwagu na Pwaguzi redioni. ITV ilipoanza mwaka 1994 vichekesho vilihamia kwenye kioo, na miongoni mwa waliokuja kutawala kioo hicho alikuwa Amri Athuman, King Majuto. Mzee Majuto aliigiza wazee wakorofi, wabahili, wenye tamaa, waliojiona wajanja na kuishia kuumbuka. Angalia alipoielekeza fimbo: kwake mwenyewe. Kinachochekesha ni yule mzee, ambaye ana jina, ana mke anayemjibu, ana watoto wanaomshtukia. Anarudishiwa ndani ya hadithi yenyewe. Pamoja na Sharo Milionea walitengeneza mzaha wa pande mbili hasa: mzee anamcheka kijana wa kujishebedua, kijana anamcheka mzee wa kizamani, na mtazamaji hajui amuunge mkono nani. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Muheza mwezi Novemba 2012. Majuto aliugua, akapelekwa India kwa matibabu, na akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Nchi nzima ililia kwa namna niliyoitambua: watu waliomboleza huku wanatumiana vipande vyake na kucheka. Kilikuwa kilio cha watani. Tulimcheka miaka mingi na siku ile tulijua tunadaiwa.

Mshamba wa kubuni, yeye, hafi. Kwa hiyo hakuna siku ya kulipa.

Kuna jambo jingine ambalo sharti la kurudishiana linaliweka wazi. Orijino Komedi walipokuwa kwenye ubora wao, nilichokipenda zaidi ni walivyowaigiza wakubwa: viongozi, wahubiri, wanamuziki wenye majina. Kenya nako, kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi runingani katika miaka ya mwisho ya utawala wake, jambo ambalo miaka michache kabla lisingefikirika. Mzaha wa aina hiyo unarudisha kitu. Viongozi wetu wanapenda kutania jukwaani, na wananchi tunacheka. Lakini kama ni utani kweli, sharti la kwanza linasema kesho ni zamu yetu. Mwezi Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa wa mwaka 2014, alikamatwa na polisi baada ya kusambaa video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli aliyevaa suti kubwa. Mashtaka aliyofikishwa nayo mahakamani yalihusu laini ya simu. Sheria siijadili hapa. Ninachokiona ni bei. Kumcheka mwenye suti kuna gharama. Kumcheka mwenye kuku ni bure. Na mchekeshaji ni mtu mwenye kodi ya nyumba, atakwenda palipo bure. Kwa hiyo mshamba ataendelea kushuka basi kila wiki, si kwa sababu anachekesha kuliko waziri, bali kwa sababu hana wa kumpigia simu.

Siku hizi wapo wanaosema tatizo limekwisha, kwa kuwa kila mtu ana simu. Ni kweli, vijana wa mikoani wanajirekodi wenyewe, kwa lafudhi zao wenyewe, na wengine wana wafuasi wengi. Nimefurahi kuwaona. Lafudhi hatimaye imepata mwenyewe. Huwezi kuchanganya tena maneno ya Ziwa na ya kusini ukadhani hakuna atakayegundua. Lakini najiuliza wanamchekesha nani. Kuku wa Singida naye hutoka kwetu, hupakiwa kwenye tenga juu ya basi, na bei yake hupangwa anakofika. Kijana akigundua kwamba video aliyojifanya hajui lifti imetazamwa mara elfu kumi, na ile aliyowacheka wanunuzi wa alizeti wanaochezea mizani imetazamwa mara mia mbili, ataijua bei. Atapandisha suruali yake juu ya kitovu kwa mikono yake mwenyewe. Kuigiza ujinga wako ukiwa huru ni sanaa; kuuigiza kwa sababu ndicho kitu pekee kinachonunuliwa ni biashara ya tenga.

Basi nifanyeje, mimi mtazamaji? Sitaki kanuni inayonilazimisha kushika daftari mbele ya runinga. Komedi inayoomba ruhusa kila dakika haichekeshi, na mtani anayeogopa kukosea hana faida hata msibani. Sidhani pia kwamba watu wa mikoani ni mayai ya kufungiwa kwenye pamba. Bibi yangu angekuwa wa kwanza kukataa. Ninachokishikilia ni kidogo: kicheko ni deni. Si dhambi, ni deni, na madeni mengine yanalipika na mengine hayalipiki. Ninapomcheka mtu anayeweza kunirudishia, ninayemjua, ambaye ningekwenda kwake akifiwa, ninakopa kwa jirani. Ninapomcheka asiye na jina wala wa kumsemea, ninachukua bila kuandikwa popote, na atakayelipa ni mtu mwingine kabisa, aliyekaa kwenye kiti cha tatu darasani, ambaye alikuwa na swali.

Kwa waandishi wa vipindi, nao wengi ni wa rika langu, sina somo la kuwapa, nina ombi. Mpeni mshamba kwao. Semeni anatoka kijiji gani, nani amemtuma, yule kuku anampelekea nani na kwa nini. Mtakapofanya hivyo hamtaweza kumfanya mjinga kwa nusu saa nzima, kwa sababu mtu mwenye kwao ana angalau jambo moja analolijua kuliko anayemcheka. Hapo mzaha utakuwa na pande mbili, na nina hakika utachekesha zaidi, maana hakuna kinachochekesha kama mjanja aliyepatikana.

Na kama mtakosa mahali pa kurekodi, mwaliko wa bibi upo pale pale. Ni Ikungi, mbuzi wapo. Mje na mtu mmoja anayejiona anajua.